Chanjo ya Ndama, Chanjo ya Binti

Kaka yangu anajua habari za chanjo kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mjinga ningemvumilia. Mjinga unamkalisha chini, unamweleza polepole, anaelewa au haelewi, unaondoka zako. Lakini kaka yangu amechanja ndama tangu alipokuwa kijana, amewashika vichwa kwa mikono yake huku mtaalamu wa mifugo akiwachoma sindano, na alichojifunza pale zizini ni kweli tupu. Utabishana vipi na mtu mwenye kweli?

Sisi ni wa Kakesio, ndani ya Ngorongoro. Yeye alibaki na ng'ombe wa baba, mimi nikatoka. Sasa naishi Karatu mjini na nafanya kazi kwenye loji moja iliyo katikati ya mashamba ya kahawa. Natandika vitanda na kufua mashuka ya wageni wanaokuja kutazama wanyama wa kwetu. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo kwetu bomani wakitaka kunitania wananiita mwalimu, na wakitaka kunichoma wananiita Mswahili. Nimezoea yote mawili.

Niliyoyajua kuhusu ugonjwa huu niliyajua kwa mama. Damu ilimrudia akiwa bibi tayari. Siku zake zilikoma zamani, wajukuu walikuwa wanamkimbilia mlangoni, kisha asubuhi moja akaona damu. Akawaambia wanawake wenzake, nao wakacheka hadi wakashika mbavu. "Umerudi kuwa ndito!" wakamwambia, yaani msichana, wakamuuliza kama atafutiwe mchumba au atajitafutia mwenyewe. Mama mdogo, mke mwenza wa mama, ndiye aliyecheka kuliko wote. Nimesimuliwa kwamba mama naye alicheka, na kwamba kwa siku kadhaa alivaa shanga zake nzuri.

Damu haikukoma. Ikaja na maumivu ya kiuno, kisha ikaja na harufu. Mama mdogo alianza kufukiza nyumba kwa vijiti vya mzeituni wa porini, vile vile tunavyofukizia vibuyu vya maziwa, ili anayeingia asisikie. Nilipoitwa, mama alikuwa hawezi kukaa. Tulimpeleka hospitali. Daktari akatuita mimi na mama mdogo pembeni, akasema ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeshasambaa. Kaka alikuwa nje, ameegemea fimbo yake, anasubiri kuambiwa. Mama akanishika mkono akasema, "Kijana wangu asisikie habari za huko chini. Mwambieni ni tumbo."

Basi likawa tumbo. Kaka aliuza ng'ombe kwa ajili ya tumbo, alichinja mbuzi na kuchemsha supu ya mizizi kwa ajili ya tumbo, na mama alipofariki tulimzika kwa tumbo. Kwetu aliyekufa hatajwi tena kwa jina. Akishalala, jina linalala naye. Ni heshima, sina ugomvi na heshima, ila niliona jinsi ugonjwa nao ulivyojipatia pa kujificha, nyuma ya jina lisilotajwa. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu kifo hakikumuumbua. Tulimfunika vizuri mno.

Miezi michache baada ya msiba nilikwenda kupimwa mwenyewe, pale Karatu. Kipimo chenyewe hakina maajabu. Unalala, muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, anaangalia kama kuna mahali pamegeuka peupe. Siki, jamaa ya ile ya kachumbari! Nilikuwa na kidoa kidogo, wakakiunguza hapo hapo kwa kifaa chao, nikaenda nyumbani nikapika ugali. Nilipokuwa nakoroga ule ugali nililia kwa hasira. Kumbe kitu kilichomla mama yangu kilikuwa na wakati ambapo kingeweza kuondolewa kabla ya chakula cha mchana.

Muuguzi alinieleza kwamba ugonjwa unaanza kwa kirusi, kinaitwa HPV, kinapita kwa kujamiiana, na kwamba ni cha kawaida mno. Wanawake wengi wanakipata wakati fulani na wanaume nao wanakibeba, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe bila mtu kujua kama alikuwa na mgeni. Kwa wachache kinabaki. Kinakaa kimya miaka na miaka, kinaharibu taratibu. Hakiangalii nani malaya na nani si malaya. Nilitamani kuiandika ile sentensi ya mwisho juu ya bati la loji, wote waione.

Maana jaribu kuwaeleza wanawake ninaofua nao. Wengi wamekuja na wazazi wao kufanya kazi mashambani, wengine wametoka Singida, wengine Dodoma, wengine Mbulu. Ni watu wa akili, wanaweza kukutajia bei ya kitunguu cha Mang'ola vizuri kuliko dalali. Wa Singida akaniambia, "Mimi nimefunga ndoa kanisani. Hicho kirusi kitanipatia wapi?"

"Kwa mumeo," nikamjibu.

"Mume wangu ana heshima zake."

"Heshima haichuji kirusi, dada."

Hakunisemesha wiki nzima, na tulikuwa tunakunja mashuka pamoja, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Wa Mbulu yeye alisema ugonjwa haujamwita, sasa kwa nini auitikie. Kila nikizungumza naonekana mimi ndiye ninayewaletea. Nilichoka. Nikajiambia, hawa ni watu wazima, shauri yao.

Watoto wa kaka sikuweza kusema shauri yao. Kaka ana mabinti wawili waliokuwa shule ya msingi. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne. Alilelewa na mama yangu, ndani ya nyumba ya mama, akilala naye kitanda kimoja cha ngozi, na ana mwanya wa mama kwenye meno ya mbele. Akicheka, watu wazima wanaangalia pembeni. Mdogo alikuwa na kumi na mmoja, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyeumwaumwa sana utotoni. Ndiye aliyenipigia kwa simu ya baba yake. "Shangazi, wanakuja shuleni kutuchanja. Ile ya wasichana. Ila baba amesema siku hiyo tutakwenda kuchunga."

Chanjo ile ni sindano moja, kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne. Hesabu haikuhitaji cheti changu cha kidato cha nne. Mdogo angeweza kusubiri awamu nyingine. Mkubwa hakuwa na nyingine. Gari la chanjo likija tena, yeye atakuwa amevuka.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda Land Cruiser ya abiria iendayo Endulen. Getini tukaonyesha vitambulisho, tukapanda kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, na pale juu tukasimama nyuma ya magari ya wageni waliokuwa wanapiga picha ukungu wenyewe. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba hata ukungu uliniudhi. Kutoka Endulen nilichukua pikipiki, nikafika Kakesio nimegeuka rangi ya barabara.

Kaka nilimkuta kwenye zizi la ndama, jua likiwa bado lipo. Alinisalimu, akauliza habari za mvua Karatu, akauliza habari za barabara. Kwetu huwezi kufika na jambo mdomoni kama mbwa mwenye mfupa, lazima ulizunguke. Nikalizunguka. Mwishowe nikamwambia nimekuja kwa ajili ya chanjo ya mabinti.

Akamwita mdogo, aliyekuwa anacheza na ndama mmoja mwekundu, amshike amlete. Binti akamleta akiwa amemkumbatia shingo. Sikioni ndama alikuwa na hereni ya plastiki.

"Unajua hii ni ya nini?" kaka akaniuliza.

"Ya chanjo ya ndigana."

"Ndigana. Unajua wanavyoichanja?"

Nilijua kidogo. Yeye akanieleza yote. Kwamba wanachukua ugonjwa wenyewe, mzima, kutoka kwa kupe, wanauingiza kwa ndama. Siku hiyo hiyo wanamchoma sindano nyingine ya dawa ili ugonjwa usipande ukamuua. Ndama anaumwa kidogo, anapona, na ndigana haimgusi tena. Ni chanjo nzuri, alisema, ameiona ikiokoa mazizi. Ila lazima umwangalie ndama kwa wiki kadhaa. Unampapasa hapa chini ya sikio kila asubuhi. Tezi ikivimba ikakaa, ujue ugonjwa umeshinda dawa. "Mimi nimezika wawili," akasema. "Walikuwa wazima kabisa. Niliwapa ugonjwa kwa mkono wangu."

"Hii ya watoto si hivyo, mwana wa mama."

"Wewe unajua ilivyo?"

"Haina ugonjwa ndani."

"Kama haina ugonjwa, inazuiaje ugonjwa?"

Nilijua kirusi, nilijua siki, nilijua mpaka bei ya nauli ya kurudi. Hilo sikulijua. Wapo watu bomani wanaosema chanjo ile inafunga kizazi ili wafugaji tupungue, na huo ni uongo, ningeuvunja kwa dakika moja. Kaka hakusema uongo wowote. Alinipigia ukweli wa ng'ombe nikabaki nimesimama kwenye samadi.

"Na hata hiyo ya ndama," akaendelea, akimpapasa yule mwekundu chini ya sikio, "mwaka wa kwanza sikuchanja zizi zima. Mtu mwenye akili hachanji zizi zima. Unachagua mmoja, yule ambaye ukimpoteza utalala usingizi. Akipona, unaleta na wengine."

Mdogo alikuwa bado amemkumbatia ndama wake, akisikiliza. Mimi sikumwangalia. Nilikuwa natafuta jibu.

Nilichopata usiku ule kwa kubembeleza ni kwamba asubuhi angekuja na mabinti hadi shuleni, amsikilize muuguzi kwa masikio yake. Nilishukuru. Kaka yangu akisema atasikiliza, anasikiliza.

Muuguzi alikuwa dada wa makamo aliyechoka kwa safari, ana kisanduku chake cha baridi na meza moja ya darasani iliyotolewa nje. Wasichana walikuwa kwenye mstari, wanasukumana na kucheka kwa woga. Mama mdogo naye alikuwepo, amemleta mjukuu wake. Kaka alisimama mbele ya meza na fimbo yake, akauliza bila kuzunguka, "Ndani ya hiyo chupa mmeweka ugonjwa?"

"Hapana, baba. Hakuna kirusi ndani. Kuna kitu kilichotengenezwa kifanane na ganda lake la nje tu. Mwili ukishalijua ganda, kirusi chenyewe kikija unakitambua na kukizuia."

"Ganda bila mdudu."

"Ndiyo, baba."

Akafikiri. "Yaani nimwonyeshe mbwa ngozi ya chui, siku chui akija mbwa ajue?"

"Hivyo hivyo, baba," muuguzi akasema, akacheka. Nami moyo wangu ukacheka, maana niliona uso wa kaka ukifunguka. Nikasema hapo hapo kimoyomoyo, dada, ishia hapo.

Lakini kaka alikuwa na swali jingine. "Umemwona msichana aliyechanjwa hii akazeeka, akafa kwa ugonjwa mwingine?"

Muuguzi angeweza kusema ndiyo. Mungu anisamehe, niliomba aseme ndiyo. Akasema, "Hapa kwetu bado, baba. Waliochanjwa wa kwanza hapa kwetu bado ni vijana. Nchi zilizoanza mapema zimeona ugonjwa ukipungua."

"Nchi hizo hazina kupe wetu," kaka akasema, na uso ukafungika tena.

Ndipo nikasema. Sikupanga kusema. Nilisema kwa Kimaasai, mbele ya mabinti na mama mdogo na mstari wote. "Mwana wa mama, aliyetuzaa hakufa kwa tumbo. Alikufa kwa ugonjwa huu huu. Ulianzia kwenye mlango wa kizazi. Daktari alituambia, tukakuficha."

Kaka hakunitazama mimi. Alimgeukia mama mdogo, kwa sababu kwetu neno zito linaulizwa kwa aliye mkubwa, si kwa aliyetoka mjini jana. "Mama," akamwambia kwa upole, "ni kweli?"

Mama mdogo ndiye aliyefua vile vitambaa. Ndiye aliyefukiza nyumba. Alikuwa na mimi pale daktari alipozungumza, alinishika bega nisianguke. Akaangalia vidole vya miguu yake, akasema, "Lilikuwa tumbo."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu ninayempenda kama nilivyomchukia dakika ile. Kaka akatingisha kichwa, taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa kwamba dada yake ameharibika akili kwa maneno ya mjini. Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Kisha akamgeukia muuguzi. "Wewe hujanidanganya," akasema. "Ungeweza kunidanganya. Kwa hiyo nitakupa mmoja."

Akaweka mkono wake begani mwa mdogo, akamsogeza mbele. Na yule mkubwa, kaka akamrudisha nyuma ya mgongo wake, kwa ule mkono mwingine wenye fimbo, kama unavyomrudisha mtoto asikanyagwe na ng'ombe.

"Achanjwe huyu mkubwa," nikasema. "Huyu mdogo ana muda. Huyu mkubwa mwaka huu ndio wa mwisho. Muulize muuguzi!"

"Ni kweli, baba," muuguzi akasema.

"Huyu ana meno ya yule aliyelala," kaka akajibu, bila kupandisha sauti. "Huyu siwezi kumjaribu."

Mdogo akachanjwa. Hakulia. Muuguzi akampa pamba ashike pale mkononi, akamwambia hongera, na yule mkubwa akasimama kando ya baba yake, mzima, ametunzwa.

Njiani kurudi bomani nilimwandama mama mdogo. Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika. Alitembea mbele yangu, mzigo wake wa kuni alizookota njiani ukiwa mgongoni, akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Ulitaka nimwambie mwanamume, mbele ya watoto wa watu, kwamba mama yake alioza?"

"Nilitaka useme kweli."

"Aliniomba na mimi. Hakukuomba wewe peke yako."

Nikabaki nyuma. Nilikuwa na hasira na yeye, na hasira na mama, na mama amekufa, sasa hasira ya aliyekufa mtu anaipeleka wapi? Mdogo alikuja akanishika mkono.

"Shangazi," akasema, "mimi ndiye yule ambaye baba akinipoteza atalala?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia yeye ndiye mwenye bahati, kwamba yeye sasa amekingwa na dada yake hajakingwa, kwamba siku moja ataelewa. Yote hayo ni kweli, na yote yalitoka mdomoni yakiwa makavu kama majani ya kiangazi.

"Sawa," akasema. Kisha, "Yule ndama wa kwanza naye alipona?"

"Muulize baba yako."

"Nilimuuliza. Alipona. Ndiye aliyemzaa mwekundu wangu."

Niliondoka kesho yake asubuhi. Kabla sijapanda pikipiki nilimwona kaka akitoka kwenye zizi la ndama, akampita mkubwa, akamwendea mdogo aliyekuwa anakoka moto wa chai. Akainama. Akaweka vidole viwili chini ya sikio la binti, akavisogeza taratibu hadi kwenye shingo, upande huu na upande ule, macho yakiwa yameangalia mbali, jinsi anavyofanya akiwa anasikiliza kwa vidole. Akanyanyuka akaenda zake. Binti akabaki na mkono wake palepale aliposhikwa.

Baada ya hapo alikuwa ananipigia simu. "Shangazi, baba ananishika hapa kila asubuhi! Mama anasema hajawahi kumwona akimshika mtoto wa kike hivi. Leo amenipa na maziwa ya kwanza kukamuliwa." Sauti yake ilikuwa na furaha tele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kamba za kuanikia, shuka la mgeni likinipiga usoni, namwambia vizuri, vizuri sana mwanangu. Yule mwenzangu wa Singida alikuja akashika ncha ya shuka bila kuulizwa. Tulikuwa tumepatana, si kwa sababu alikwenda kupimwa. Hajakwenda mpaka leo.

Wiki zikapita, mkubwa akatimiza miaka kumi na mitano, nikajua kwa sababu nimehesabu, si kwa sababu kuna aliyesherehekea. Na ikaja siku kaka mwenyewe akapiga. Kaka yangu hapigi simu, huwa anapigiwa. Alikuwa na uchangamfu ambao sijausikia tangu msiba.

"Binti wa mama, mtoto ni mzima. Hakuvimba hata siku moja. Hata homa hakupata. Yule muuguzi alisema kweli, lile ni ganda tu. Mwambie arudi, sasa nampa na mkubwa."

Nikaketi juu ya beseni lililogeuzwa. Nikamwambia kwamba gari halirudi mpaka awamu nyingine, na kwamba likirudi mkubwa hatahesabiwa, amevuka umri.

"Ng'ombe anachanjwa hata akiwa na mimba ya tatu," akasema.

"Huyu si ng'ombe, mwana wa mama."

Nilimwambia nimeshaulizia Karatu, wakaniambia labda Arusha. Nimeulizia Arusha, wakaniambia labda, nipige tena. Nitaendelea kupiga. Nilimwambia kwamba ikishindikana, mkubwa akishakuwa mwanamke mtu mzima atakuja kwangu nimpeleke akapakwe siki, na atakwenda tena na tena, na nitamburuza akikataa. Nilisema kwa ukali, kwa kuwa huko nyuma upole haukunisaidia. Sikusema, "Nilikuambia." Nadhani nilistahili kulisema, lakini halikutoka.

Nyuma yake nilisikia ndama wanalia, wametenganishwa na mama zao.

"Lile," akasema, "halikuwa tumbo."

"Halikuwa."

"Mama mdogo alikuwa anaangalia miguu yake. Mtu anayesema kweli haangalii miguu." Akakohoa. Kisha kaka yangu, ambaye hajawahi kuuliza habari za mwanamke yeyote, akauliza swali ambalo anauliza kwa kila mnyama anayeumwa. "Ilianzaje? Niambie, ili nijue cha kuangalia kwa huyu."

Nilitaka kumwambia kwamba kitu hicho baba hawezi kukiona kwa kumpapasa binti chini ya sikio, na kwamba binti mwenyewe hatamwambia, kwa sababu tumemfundisha asimwambie. Lakini alikuwa ameuliza, na ndiye mtu wa kwanza wa bomani kwetu aliyeuliza.

"Ilianza kwa damu," nikamwambia. "Ilirudi wakati imeshakoma, na wanawake wakacheka."